Mwingiliano wa Kielektroniki kwenye Ndege Wakati wa Safari za Majaribio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya kuhusu mwingiliano, yaani kifaa kimoja cha umeme kuvuruga kingine, yameandikwa kwa ajili ya mafundi wa avioniki (elektroniki ya ndege), wahandisi na marubani wa majaribio wanaokabidhiwa ndege baada ya kufungwa kifaa kipya: redio, GPS, taa za LED, kamera ya upigaji ramani, Wi-Fi ya abiria. Mifano mingi ni ya ndege ndogo na za kati, maana huko ndiko kazi hii huangukia watu wawili watatu wenye vifaa vichache.

Kifaa kina cheti cha DO-160. Kwa nini kipimwe tena kikiwa ndani ya ndege?

Kwa sababu cheti kinazungumzia kifaa kikiwa maabara. DO-160, orodha ya vipimo vya vifaa vya ndege ambayo Ulaya huitwa ED-14 na ambayo toleo lake la G lilitoka mwaka 2010, hupima kifaa kimoja juu ya meza ya chuma, nyaya zikiwa za urefu maalumu na ethi (muunganiko wa kurudisha umeme kwenye chuma) ikiwa safi. Sehemu ya 20 huangalia kinavyostahimili mawimbi ya redio yanayokijia. Sehemu ya 21 huangalia kelele, yaani mawimbi yasiyotakiwa, ambayo chenyewe kinatoa. Ndani ya ndege yako nyaya hizo hizo zimefungwa fungu moja na za pampu ya mafuta, na ethi imepita kwenye bati lililopakwa rangi.

Tena, maneno "kimepita DO-160" peke yake hayatoshi. Sehemu ya 21 ina madaraja. Kifaa cha daraja B kinaruhusiwa kelele nyingi kuliko cha daraja M, ambalo ni la vifaa vya kabini na chumba cha marubani, au daraja H, ambalo ni la vifaa vinavyotazamana moja kwa moja na antena. Soma daraja kabla ya kununua. Ukilisoma baada ya kufunga, umechelewa.

Jaribio la ardhini hufanywaje?

Hili ndilo lenye kazi nyingi. Safari ya majaribio inapaswa kuthibitisha yaliyokwisha kuonekana ardhini, pamoja na yale machache yasiyoweza kuonekana kabla ya kupaa.

Anza na jedwali. Upande wa kushoto andika kila chanzo kinachoweza kutoa kelele: redio za VHF (mawasiliano ya karibu) na HF (mawasiliano ya mbali), transponda (hujibu rada ya ardhini), DME (hupima umbali), rada ya hali ya hewa, inveta, jenereta, mota za mapanga na za pampu, taa za kumeta, chaja za USB, na kifaa kipya. Juu andika kila mwathirika: redio zile zile zikiwa zinapokea, ILS (mwongozo wa kutua), VOR (mwongozo wa njia), GPS, altimita ya redio (hupima urefu kutoka ardhini), otopailoti (huendesha ndege yenyewe), vipimo vya mafuta na vya injini, intakomu, dira. Kifaa kipya lazima kiwe pande zote mbili, kwani kinaweza kusumbua na kinaweza kusumbuliwa. Wengi husahau upande wa pili.

Kisha:

1. Itoe ndege nje ya hangari, mbali na kuta za chuma na ndege nyingine. Ndani ya hangari mawimbi hurudi kutoka kwenye bati, na hutajua unachopima.
2. Funga milango na mifuniko yote kama ndege inavyoruka. Mlango ulio wazi ni njia ya mawimbi.
3. Zima kila kitu. Kwa betri peke yake, washa redio ya kwanza, fungua skwelchi (kinachonyamazisha kelele), usikilize kelele ya kawaida. Hiyo ndiyo rejea yako.
4. Washa chanzo kimoja tu, tazama waathirika wote, andika, kizime. Nenda cha pili.
5. Ukimaliza kimoja kimoja, washa vyote pamoja.
6. Washa injini, rudia hatua ya 4 na ya 5 kwa umeme wa jenereta, injini ikiwa katika mzunguko wa chini, kisha wa juu.

Redio ziguswe katika masafa kadhaa: chini, katikati na juu ya bendi ya megahezi 118 hadi 136.975, na masafa yote ya viwanja vya nyumbani. Kwa ILS na VOR tumia kifaa cha kutoa ishara za majaribio. Sindano iliyokaa katikati kwa sababu hakuna ishara haithibitishi chochote.

Umeme wa ardhini hautoshi?

Hautoshi. Mashine ya umeme wa ardhini ina kelele yake na ethi yake, na jenereta ya ndege ina nyingine. Itumie kuokoa betri unapotafuta kasoro, lakini matokeo rasmi yatoke kwenye jenereta ya ndege.

GPS hupotea rubani anapobonyeza redio. Tatizo liko wapi?

Hesabu hii kila fundi anapaswa kuijua. GPS hutumia megahezi 1575.42. Redio ya VHF hutoa masafa yake pamoja na harmoniki, yaani mazidisho ya masafa hayo kwa 2, 3, 4 na kuendelea. Zidisha 121.175 kwa 13 upate 1575.275. Zidisha 131.275 kwa 12 upate 1575.300. Yote mawili yanaangukia ndani ya mlango wa GPS. Redio ya wati 10 ina nguvu ya desibeli 168 hivi zaidi ya ishara ya setilaiti inapofika duniani, kwa hiyo hata chembe ya harmoniki inatosha kuifunika.

Masafa ya kupima ni 121.150, 121.175, 121.200, 131.250, 131.275 na 131.300. Redio za hatua ya kilohezi 8.33 huongezewa 121.185, 121.190, 130.285 na 131.290. GPS ikiwa imepata setilaiti za kutosha na imetulia, bonyeza redio kwa sekunde 35 mfululizo kwenye kila safa, ukitazama ukurasa wa setilaiti. Rudia kwa kila redio na kila kipokezi cha GPS. Sikiliza kwanza kabla ya kubonyeza, na uijulishe mnara. Kushikilia redio sekunde 35 juu ya mazungumzo ya watu ni kosa kubwa, na 121.5 ya dharura iko jirani.

Usingoje bendera ya onyo. Tazama nguvu ya ishara ikilinganishwa na kelele, ambayo kwa kawaida ni kati ya desibeli-hezi 40 na 50. Ikishuka kwenye setilaiti zote kwa pamoja kila unapobonyeza, mwingiliano upo, hata kama GPS bado inatoa mahali. Ukiwa angani, ndege imeinama upande na setilaiti mbili zimejificha nyuma ya bawa, akiba hiyo iliyoliwa ndiyo utakayoihitaji.

Kabla ya kulaumu redio, chomoa waya wa antena ya ELT (redio ya dharura inayotangaza ndege ilipoanguka). Sakiti ya mwisho ya ELT, hata ikiwa imezimwa, inaweza kunasa wimbi la VHF na kulitoa upya likiwa na harmoniki. Tatizo likiisha ELT ikichomolewa, dawa ni kichujio kwenye waya wa antena yake. Lisipoisha, weka kichujio kwenye waya wa redio ya VHF, au tenga antena ya redio na ya GPS mbali zaidi. Rudisha waya wa ELT na uandike kwenye daftari la ndege kwamba umerudishwa.

Kuna kelele kwenye redio. Nitajuaje chanzo chake?

Sikio ndilo kipimo cha kwanza, na ni la bure. Mluzi unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini ni wa alternata. Mvumo wa sauti moja isiyobadilika, karibu na hezi 400, hutoka kwenye inveta au mfumo wa umeme wa AC. Milio ya tak-tak inayofuata injini ya pistoni ni magneto au waya wa plagi uliopasuka kinga. Mlio mmoja kila sekunde hivi ni taa ya kumeta inayochaji. Ngurumo ya vipande vipande ya hezi 217 ni simu ya GSM mfukoni mwa mtu. Mchemko wa "shhh" usiobadilika kwa lolote mara nyingi ni chaja ya USB au sakiti ya kuendesha taa za LED.

Baada ya sikio, gawanya njia. Chomoa antena ya redio na mahali pake weka mzigo wa omu 50. Kelele ikiisha, ilikuwa inaingia kwa antena, na kazi yako ni kuzima mionzi ya chanzo. Ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme au wa sauti, na hakuna kuhamisha antena kutakakokusaidia. Kipimo hiki cha dakika 5 huokoa siku nzima, na bado watu hukiruka. Kisha vuta sakiti breka moja moja. Redio ya mkononi yenye betri yake hukusaidia kunusa kabini: isogeze karibu na vifaa hadi kelele ikue.

Bondingi na kinga ya waya: vipimo gani?

Kasoro nyingi za mwingiliano huishia hapa. Sanduku lenyewe huwa zima.

Waya wa bondingi, yaani unaounganisha kifaa na mwili wa ndege, usizidi miliomu 3, na kwa vifaa vya redio kiwango cha zamani cha kijeshi kilitaka miliomu 2.5. Pima kwa miliomita ya nyaya nne. Mita ya kawaida ya mfukoni haiwezi, kwani nyaya zake peke yake zina zaidi ya hapo. Rangi, kutu, na utando wa kinga juu ya alumini ndivyo vinavyoharibu. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha ziba kuzunguka ukingo ili maji yasiingie.

Kinga ya waya, yaani nyuzi za chuma zilizosukwa kuuzunguka, nayo ina siri yake. Fundi akiifungua, akaisokota kuwa mkia wa sentimita 10, akaufunga kwenye skrubu, multimita itaonyesha sufuri na kila mtu ataridhika. Lakini mkia huo una indaktansi (tabia ya kuzuia umeme unaobadilika haraka) ya karibu nanohenri 1 kwa kila milimita, yaani nanohenri 100. Kwenye megahezi 100 hizo ni omu 63 hivi. Kwa wimbi la redio kinga hiyo haijafungwa popote. Inatakiwa ibanwe kuzunguka konekta pande zote, digrii 360, kwa kofia ya nyuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama mkia hauepukiki, uwe wa milimita chache.

Pete za feraiti, zinazovishwa waya kuzuia kelele? Zinafaa kwa kutafuta kasoro, na wakati mwingine kwa kuitibu. Kupitisha waya mara 2 ndani ya pete huongeza uzuiaji karibu mara 4 kwenye masafa ya chini. Ila feraiti hupasuka kwa mtikisiko, na pete iliyoachwa ikining'inia hukata waya. Ifunge imara, au iondoe.

Redio ya HF inaitikisa otopailoti. Tupime masafa gani?

HF, megahezi 2 hadi 30, ndiyo mkorofi mkuu, kwa sababu mwili wote wa ndege huwa sehemu ya antena. Mwili huitikia zaidi pale ambapo urefu wake ni nusu ya wimbi. Cessna 208 Caravan ina mabawa ya mita 15.9 kutoka ncha hadi ncha. Nusu ya wimbi ya urefu huo ni karibu megahezi 9.4. Basi usipime 3, 15 na 25 ukasema umemaliza. Pima kila megahezi 1 au 2, na karibu na hapo pima kwa hatua ndogo zaidi.

Ardhini, washa otopailoti, shika usukani kwa wepesi, bonyeza HF. Tazama usukani, trimu (inayosawazisha nguvu kwenye usukani), vipimo vya mafuta na joto la injini. Trimu inayojongea polepole ni hatari kuliko usukani unaoruka, maana haimshtui mtu.

Kitu gani huonekana angani tu?

Cha kwanza ni ishara dhaifu. Ardhini kifaa cha majaribio hutoa ishara nono. Kilomita 40 kutoka kwenye ILS ishara ni nyembamba, na kelele uliyoiona si kitu huanza kuvuta sindano.

Cha pili ni umeme tuli. Ndege ikipita kwenye theluji kavu, mawingu ya barafu au vumbi hujikusanyia chaji, nayo hutoka kwa cheche ndogo kwenye ncha na kwenye bati lisilounganishwa. Redio hujaa mkwaruzo, ADF (dira ya redio) hupotea, HF hufa. Angalia vijiti vya kutolea chaji kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa na mkia: vimekatika? tako lake limegusa chuma safi? Kisha tafuta kipande cha fiba kisicho na rangi ya kupitisha umeme. Jaribio la ardhini haliwezi kukuonyesha hili.

Cha tatu ni mtikisiko na mzigo. Konekta iliyolegea hukaa kimya ndege ikiwa imesimama, kisha huachia ndege inapoinama upande nyuzi 45.

Safari yenyewe iendeshwe vipi ili iwe salama?

Hali ya hewa ya kuona, mchana, mwinuko wa kutosha kumpa rubani muda wa kutoa otopailoti na kusawazisha ndege. ILS ya kwanza baada ya ufungaji isifanywe ndani ya wingu. Rubani mmoja aruke tu, anayewasha na kuzima vyanzo ni mtu mwingine, na husema kabla ya kugusa: "HF, megahezi tisa, nabonyeza… nimeachia." Chanzo kimoja kwa wakati. Mikono ya rubani iwe karibu na usukani na kidole karibu na kitufe cha kutoa otopailoti kila mara chanzo kipya kinapowashwa.

Mfuatano mzuri: kupaa na kifaa kipya kimezimwa, kusawazisha, kukiwasha, kurudia mistari ya jedwali iliyotia shaka ardhini, kisha ILS mbili, moja kikiwa kimezimwa na nyingine kikiwa kimewashwa, kwa njia ile ile na kasi ile ile. Bila ile ya kwanza huwezi kujua kama mpindo wa sindano ni wa kifaa au wa eneo.

Kikomo kikubalike kabla ya kupaa: usukani ukijongea wenyewe, skrini ikizimika, au onyo lolote la injini likiwaka, kifaa kinazimwa na ndege inarudi. Mjadala utafanyika ardhini.

Turuke karibu na mnara wa redio wenye nguvu tuone kitakachotokea?

Hapana. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilipoteza helikopta kadhaa za UH-60 Black Hawk, na uchunguzi ukaelekeza macho kwenye mawimbi makali ya redio yaliyoweza kuvuruga udhibiti wa bawa la mkia. Ustahimilivu wa mawimbi makali hupimwa maabara na kwa kurusha mawimbi hafifu kwenye ndege iliyosimama, kisha kukokotoa. Kanuni ya Marekani ya 25.1317, iliyowekwa mwaka 2007, inatumia mazingira yanayofika kilele cha volti 3000 kwa mita katika baadhi ya masafa ya rada. Huko si mahali pa kumpeleka rubani akajaribu bahati.

Vifaa vyetu vya kurekodi majaribio navyo vinaweza kusumbua?

Ndiyo, na mara nyingi ndivyo vinavyosumbuliwa kwanza. Geji ya mkazo, inayopima jinsi bawa linavyonyumbuka, yenye umeme wa volti 10 hutoa milivolti 20 au 30 tu kwenye kilele chake. Wimbi la HF linaloingia kwenye waya huo huonekana kama mtikisiko wa bawa ambao haupo, na katika jaribio la flata (mtetemo hatari wa bawa) hilo linaweza kusimamisha kazi nzima, au kuficha mtikisiko wa kweli. Tumia jozi zilizosokotwa zenye kinga, uweke kikuza ishara karibu na geji, na ubonyeze kila redio huku ukitazama rekodi kabla ya kupaa.

Telemetria (redio ya kutuma data ya majaribio ardhini) ya megahezi 1435 hadi 1525 iko jirani na GPS, na ile ya 4400 kwenda juu inaanzia pale pale altimita ya redio inapoishia. Ziingize kwenye jedwali kama vyanzo. Nyaya za majaribio kwa desturi huwa za rangi ya chungwa ili ziondolewe zote baadaye. Waya uliosahauliwa ukiwa umefungwa upande mmoja ni antena.

Simu na Wi-Fi za abiria ni hatari kweli?

Mara nyingi hapana, lakini jibu linatokana na kipimo. Mashirika yalipokuwa yakipima Wi-Fi kwenye Boeing 737, skrini za marubani za aina moja iliyotengenezwa na Honeywell ziliparanganyika na kuzimika kwa muda. Mwaka 2014 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikaamuru zibadilishwe kwenye 737 na 777. Ndege zilikuwa zimeruka miaka bila tatizo, hadi mtu alipojaza jedwali.

Na 5G?

Hii inahusu altimita ya redio, gigahezi 4.2 hadi 4.4. Marekani iliruhusu 5G kwenye 3.7 hadi 3.98, minara ya kwanza ikawashwa Januari 2022, na altimita za zamani zenye vichujio vilegevu zilisikia jirani huyo. Dawa ilikuwa kuongeza kichujio au kubadili altimita. Ukifunga altimita, uliza ustahimilivu wake nje ya bendi. Hapa pia cheti cha zamani hakikusema kitu.

GPS imepotea angani. Ni kosa letu au ni la nje?

Zima kifaa kipya. Ikirudi, kiwashe tena, ukizime tena, mara 3. Ikifuata swichi, ni lenu. Isipofuata, linganisha vipokezi viwili vyenye antena tofauti, andika mahali na mwinuko, ulize mnara na ndege nyingine. Mwingiliano wa nje hushika vipokezi vyote na huachia ukitoka eneo hilo. Marubani wa njia za mashariki ya Mediterania wanaufahamu vizuri. Kabla ya safari soma NOTAM (matangazo kwa marubani): Juni 2016 FAA ilionya juu ya majaribio ya GPS karibu na China Lake, California, ikiwataja hasa wenye Embraer Phenom 300, kwa kuwa kupotea kwa GPS kungeweza kugusa mfumo wa uthabiti wa ndege hiyo.

Dira ya sumaku ina nafasi gani siku hizi?

Ile ile. Mkengeuko usizidi digrii 10 kwenye uelekeo wowote. Isawazishe upya kila unapofunga kifaa karibu na kioo cha mbele, kwanza vifaa vikiwa vimezimwa, kisha vikiwa vimewashwa. Waya wa umeme na wa kurudi visokotwe pamoja; waya mmoja unaorudi kupitia mwili wa ndege huigeuza dira.

Ripoti iandikwe nini?

Jedwali zima, pamoja na visanduku vya "hakuna athari". Namba za sehemu na toleo la programu la kila kifaa, masafa halisi, mzunguko wa injini, mzigo wa jenereta, mahali ndege iliposimama. Mwingiliano mdogo uliokubalika uandikwe pia, na kuwekwa kwenye kitabu cha rubani: kwa mfano, mkwaruzo kwenye redio ya 2 rada inapowashwa. Programu ya kifaa ikibadilishwa toleo, mistari ya kifaa hicho kwenye jedwali hufanywa upya, maana mabadiliko ya saa ya prosesa peke yake yanatosha kuhamishia harmoniki mahali pengine.